Ustawi wa jamii katika chuo cha dini: tutazame fildi

Kabla hatujabishana kama chuo cha dini kinafaa kufundisha shahada ya ustawi wa jamii, Bagamoyo ina la kutuambia. Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni hapa, wakakomboa watumwa, wengi wao watoto, wakawalisha na kuwafundisha kilimo na ufundi. Hapakuwa na afisa ustawi wala halmashauri. Ila waliokombolewa walibatizwa, wakaozeshwa, wakakaa katika kijiji cha Kikristo kwa kanuni za mapadri. Msaada na masharti vilipikwa chungu kimoja.

Wanaotetea vyuo vya madhehebu wana hoja. Kazi hii haina utajiri, na aliyeingia kwa wito haikimbii upesi. Madhehebu yana zahanati na vituo vya yatima, hivyo mwanafunzi hakosi pa kujifunzia. Tena zile kanuni tunazozikariri kama za kidunia kabisa, yaani kutunza siri, kutomhukumu mteja, kumwachia aamue mwenyewe, alizipanga Felix Biestek mwaka 1957. Huyo alikuwa padri Mjesuiti wa Marekani. Anayesema imani na taaluma haziivi pamoja aanze kwa kumjibu padri huyo.

Shida iko mtaani. Chukua binti wa miaka 19, ana mtoto mmoja, anamwambia mwanafunzi wa chuo cha Kikatoliki aliye fildi, yaani mafunzo ya vitendo nje ya darasa, kwamba anataka sindano ya uzazi wa mpango. Kanisa linaikataza. Mwanafunzi hatamdanganya; atanyamaza tu, au atasema tuombe kwanza. Binti ataondoka bila kuelekezwa zahanati, na kwenye ripoti ya fildi itaandikwa "alipewa ushauri nasaha". Na katika mji wenye Waislamu wengi kama huu, hayo maombi nani aliyaridhia? (Chuo cha Kiislamu nacho kisicheke: kinangojewa na mnywa gongo asiyetaka kuacha.)

Ibada ya asubuhi chuoni hainisumbui. Ninachouliza ni fildi inafanyika wapi. Mwanafunzi akipelekwa kituo cha yatima cha dhehebu lake, akasimamiwa na sista, akasahihishwa na mhadhiri wa dhehebu hilohilo, atahitimu bila kukutana na mtu wa kumwambia "hapana, mimi sitaki hivyo". Halafu aajiriwe serikalini. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa afisa ustawi kazi nzito, ikiwamo kuiandikia mahakama ya watoto ripoti kuhusu mtoto na familia yake. Mtoto huyo anaweza kuwa wa dini yoyote, au wa nyumba isiyosali kabisa.

Kwa hiyo walau nusu ya fildi iwe ofisi ya ustawi ya halmashauri, chini ya afisa asiyelipwa na chuo, na alama zake zihesabiwe. Vyuo vitajibu kwamba ofisi hizo zina maafisa wachache na wanafunzi ni wengi. Ni kweli. Basi wadahili wachache.