Nipeni burashi, kasa bakini naye

Nilipomwambia shangazi kwamba naenda kuhudumia ng'amba, alinijibu, "Si hapo tu ng'ambo ya maji? Utarudi jioni." Kwake yeye, kama kwa kila mtu wa Entebbe, Uganda, Ngamba ni kile kisiwa cha sokwe katika Ziwa Victoria, kilometa 23 hivi kutoka kwetu. Ikabidi nimweleze kwamba huko pwani ng'amba ni aina ya kasa, yule mwenye mdomo kama wa kasuku, aliyewindwa miaka na miaka kwa ajili ya gamba lake. Kasa naye akahitaji maelezo, maana hapa kwetu kila chenye gamba mgongoni ni kobe, basi. Shangazi akanitazama kwa huruma. "Yaani umeomba likizo bila mshahara uende kuosha kobe?"

Alikosea kidogo tu. Nilikwenda kuosha matangi yao.

Kituo hicho cha kutibu kasa kiko Watamu, Kenya, jirani na hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1968, na kinaendeshwa na Local Ocean Conservation. Safari ya basi kutoka Kampala sitaisimulia. Aliyewahi kulala Malaba akisubiri foleni anajua. Kasa wanaofikishwa pale, kila mmoja ana yake. Kuna aliyemeza ndoana. Kuna ambaye uzi wa nyavu umemkata pezi hadi mfupani. Kuna wenye uvimbe unaoota shingoni na machoni, ugonjwa unaohusishwa na virusi. Walionigusa zaidi ni wale wanaoelea. Kasa amekula plastiki, imemziba, gesi imejaa tumboni, na sasa hawezi kuzama. Chakula kiko chini, yeye yuko juu kama boya, jua linamchoma mgongo na boti zinapita.

Mimi nilipewa ndoo, burashi na daftari. Asubuhi kukata ngisi na samaki vipande vipande, kupima, kuandika nani amekula na nani amesusa. Kisha kumwaga maji, kusugua ukuta wa tangi, kujaza upya. Kisha kazi ambayo shangazi hataki niitaje mezani: kupepeta choo cha kasa kwa chujio nikitafuta vipande vya plastiki. Nikikipata, hata kama ni kamba nyembamba ya gunia, naandika, na daktari anafurahi kuliko mtu aliyeokota dhahabu.

Kitu kimoja kilinichekesha. Kasa akija dhaifu sana, gamba lake huwa limevamiwa na vidude vigumu kama chokaa vinavyong'ang'ania kama vile kwenye nguzo za gati. Dawa yake? Anawekwa kwenye maji yasiyo na chumvi kwa siku moja hivi, vile vidude vinakufa na kubanduka. Nikajiambia, kumbe hata sisi watu wa ziwani tuna cha kuchangia.

Lakini kumshika kasa, hapana. Hata kusimama juu ya tangi na kumwongelesha, hapana. Siku ya pili nilichungulia sana, yule kijana anayesimamia matangi akaniambia kwa upole wa watu wa pwani, "Dada, mpishe apumue." Nilinuna. Nilikuwa nimesafiri mbali na nimelipa pesa yangu, maana kujitolea sehemu nyingi hulipiwa, na mlipaji huona ana haki.

Sasa nasema hadharani kwamba yule kijana ndiye aliyenifundisha maana ya kazi. Mnyama anayetibiwa ili arudi porini anakudai jambo moja tu, umhudumie bila yeye kukuzoea. Kasa aliyezoea kwamba mtu ni chakula ataifuata boti, na boti haina huruma. Ngamba nako, tangu hifadhi ianze 1998, mgeni anawatazama sokwe akiwa jukwaani, nyuma ya uzio, na anayetaka kujitolea huombwa vipimo vya afya kwanza, kwa sababu mafua yetu sisi yanaweza kumwua sokwe. Wale hata porini hawarudi, na bado wanawekewa umbali.

Miaka kadhaa nyuma nililipia mahali fulani, jina nalihifadhi, ili nimnyonyeshe mtoto wa tumbili kwa chupa. Tulikuwa kumi na mmoja kwenye foleni, akipitishwa mkono kwa mkono kama mtoto wa arobaini. Picha ninayo. Nimetabasamu hadi magego. Tumbili hatabasamu.

Rafiki yangu mmoja anayepeleka watalii ananiambia, "Watu wasipogusa hawatatoa pesa, na bila pesa hao kasa wako watakufa." Hapo ana hoja, ngisi hawashuki kutoka mbinguni. Ila namwuliza: kwenye kinamasi cha Mabamba, watalii wanamgusa korongo nyangumi, yule ndege mwenye mdomo mpana kama kiatu? Wanakaa kwenye mtumbwi, kimya, saa nzima, na wanalipa. Na ndege huyo wavuvi wa pale zamani walimwona nuksi, wakisema ukikutana naye siku hiyo hupati samaki. Leo baadhi yao ndio wanaopiga kasia kuwapeleka wageni.

Wavuvi ndio hasa ninaowafikiria tangu nirudi. Watamu, kasa wengi wanaokolewa na simu ya mvuvi. Amemkuta kwenye nyavu, anapiga simu, watu wa kituo wanakuja, wanampima, mzima anarudishwa baharini, mgonjwa anaenda tangini. Mvuvi hupewa fidia ndogo ya muda na usumbufu. Kwenye mialo yetu ya Victoria, fisi maji akinasa kwenye nyavu za sato au sangara, mvuvi anampigia nani? Entebbe tuna kituo cha wanyamapori, kile tunachokiita zuu hadi leo, kilichoanza 1952 kama makao ya wanyama yatima. Ningependa kuona namba ya simu imepakwa rangi ukutani pale mwaloni, kwa herufi kubwa, na kijana wa kujitolea wa kuipokea. Kijana wa hapa hapa, asiyelipishwa.

Shangazi bado anadai picha yangu na kasa. Nimemtumia niliyo nayo. Nimeinama, burashi mkononi, tangi tupu, maji machafu hadi kwenye vifundo vya miguu. Amejibu, "Kobe yuko wapi?"