Mtoto Kaanza Kemistri, Nyumba Haikaliki

Wazazi wenzangu wa Mtwara, mwenye mtoto anayeingia sekondari ajiandae kisaikolojia. Wa kwangu alipofaulu la saba nilichinja kuku kabisa. Sa hivi yuko kidato cha pili na toka ameanza kemistri hakuna kitu kinaliwa wala kinawashwa humu ndani bila kwanza kuelezwa kimeundwa na nini.

Kaanza na chumvi. Tunakula zetu ugali na pweza, mchuzi haujakolea, nkasema nisogezee chumvi hapo, mtoto ananipa huku anasema baba unajua hii ni sodiamu na klorini? Nkamwambia sawa. Akaendelea eti sodiamu peke yake ni metali laini unaikata kwa kisu, ukiitupia kwenye maji inalipuka, na klorini yenyewe ni gesi ya sumu, Wajerumani waliwapulizia wenzao vitani 1915. Na mi tonge liko mdomoni! Namuuliza kwa hiyo unanilisha bomu na sumu, anacheka, anasema vikishaungana vinakuwa kitu kingine kabisa, zile tabia za mwanzo zinapotea, ndo inaitwa kampaundi. Vikichanganyika tu bila kuungana hiyo ni miksicha, mfano maji ya bahari, ndo maana kwenye mashamba ya chumvi jua likipiga maji yanaondoka chumvi inabaki. Maelezo mazuri sikatai, ila pweza alishapoa.

Ikaja kutu. Kachukua misumari yangu ya mbao, kaitumbukiza kwenye vichupa vitatu kavipanga dirishani. Kimoja maji ya bomba basi. Cha pili maji yaliyochemshwa, af juu yake kamwaga mafuta ya kula, tena sio tone, kamwaga, yale mafuta ya kupima niliyonunua asubuhi hiyohiyo, eti yazuie hewa isirudi kwenye maji. Cha tatu kikavu, kakifunga mfuniko na ndani kaweka mchele aliouchoma kikaangoni eti unyonye unyevu. Mchele jamani! Mama yake anaangalia tu. Siku zikapita, msumari wa maji ya bomba ukavaa kutu, ile mingine haina kitu, akaniita kwa fahari, baba umeona, kutu inataka maji na oksijeni vyote viwili, kimoja kikikosekana haiji, na chumvi ikiwepo inaharakisha. Af akageuka akaitazama pikipiki yangu. Pikipiki inalala nje, upepo wa bahari usiku kucha, rimu zimeshakuwa rangi ya udongo. Akasema ungekuwa unaipaka grisi. Nkamwambia na wewe ungeniachia mafuta ya kula ningepata hela ya grisi.

Lililoniuma zaidi ni la gesi. Kila mtu huku anajua gesi ni yetu, imegunduliwa Mnazi Bay 1982, inasafishwa pale Madimba, inapanda bomba hiyoo mpaka Dar. Sasa mtungi umeisha, bei ndo kama mnavyoijua, nkaanza kulalamika kwa sauti, inakuwaje mtu wa Mtwara anauziwa gesi ghali wakati visima vya Mnazi Bay viko Msimbati hapo tu, na nilitegemea familia iniunge mkono. Mtoto kimya kidogo, af anasema baba ile ya mtungi sio ya Msimbati. Ya Msimbati ni methani, kaboni moja na haidrojeni nne. Ya mtungi ni propani na butani, inaletwa na meli kutoka nje. Propani ukiibana inakubali kuwa kimiminika, unajaza mtungi unabeba. Methani kwa joto letu hili hata uibane vipi haikubali, wakitaka kuipakia melini wanaipoza mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri, kwa hiyo huku nchi kavu inapita bombani. Na bomba la majumbani mtaani kwetu halijafika. Nkasema basi nalilalamikia hilo bomba, maana hasira nilikuwa nayo tayari siwezi kuirudisha.

Tukaleta gunia la mkaa. Kosa! Mkaa ni kaboni, kile kinywe cha kule Ruangwa, yale madini ya kwenye penseli, nacho kaboni, almasi nayo kaboni tupu, tofauti ni atomu zilivyojipanga. Mke wangu akaacha kupepea jiko. "Almasi na mkaa kitu kimoja?" Ndio mama, elementi ileile. Akanitazama, akalitazama gunia, "Basi baba yenu miaka yote ananiletea iliyojipanga vibaya." Jioni ile ile mtoto akapiga marufuku jiko kulala ndani, kuna kaboni monoksaidi, haina harufu, unalala huamki. Hapo nililitoa mwenyewe, sikubishana.

Nkaona nimpeleke kwa mjomba wangu Tandahimba msimu wa korosho apumzishe kichwa. Wapi! Kafika kaona mifuko ya salfa ya kupulizia ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, babu hii ni elementi, huwezi kuigawa ikawa vitu vingine. Mjomba akamjibu nani anataka kuigawa, yenyewe haitoshi. Nkacheka nkijua yameisha, kumbe kashaona pipa la uraka, ile pombe ya mabibo ya korosho, nyuma ya nyumba. Mbele ya wazee wa watu anaeleza hamira inakula sukari ya mabibo, inatoa kileo na kaboni dayoksaidi, ndo hilo povu, na wanaopika nipa, ile kali inayotokana na uraka, wanatumia ujanja huohuo wa maabara, kileo kinachemka nyuzi 78, maji nyuzi 100, kwa hiyo mvuke wa kileo unatangulia. Wazee kimya. Mi natafuta pa kuficha uso, maana nipa pale kijijini rasmi hakuna anayepika.

Usiku mjomba kanivuta pembeni, kaangalia kushoto kulia, ananinong'oneza, "Mpwa wangu, hicho kidude cha kupimia hizo nyuzi 78, Mtwara mjini kinauzwa shilingi ngapi?"