Geji Yangu Ina Mapepe

Jamani, mimi si mtu wa kulalamika. Muulizeni utingo wangu. Au basi, msimuulize.

Lakini wiki ya tatu sasa naendesha lori shingo upande, kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe. Jicho moja barabarani, jicho moja kwenye geji ya joto la ekzosi, yaani ule moshi unaotoka kwenye injini. Kidude chenyewe kidogo, mshale wake haufiki hata urefu wa kidole cha mwisho, lakini umeninyima usingizi kuliko deni.

Ambao hamna geji hii mnaishi kwa raha, ila ni raha ya asiyejua. Mnatazama geji ya maji, mnaona imetulia, mnapiga mluzi. Geji ya maji, ndugu zangu, ni kama yule jirani anayekuja kukupa pole baada ya arobaini. Dizeli ukiikanyaga mlimani na mzigo, moto unapanda kwenye moshi kwanza, maji yanapata habari baadaye sana. Na pistoni nyingi ni za aluminiamu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660. Zinanusurika kwa sababu zinapozwa na oili kwa chini na ule moto mkali unazigusa kwa vipindi vifupi. Moshi ukikaa muda mrefu juu ya nyuzi 700 hivi kabla ya kufika kwenye tabo, ile feni inayozungushwa na moshi kuisukumia injini hewa, hapo unacheza na injini ya watu.

Ndiyo maana nikaamini geji. Nayo ikaona huyu ndiye wa kumchezea.

Ilianza asubuhi moja lori likiwa sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Mshale uko 180, heshima kabisa. Nikageuka kumwambia utingo afunge turubai vizuri, kurudisha uso: 500. Lori limesimama! Sijakanyaga chochote! Nikaruka chini na kichupa cha maji ya kunywa, sijui nilitaka kuzima nini nacho. Niliporudi ndani, 180. Mshale umetulia kama mtoto aliyevunja glasi.

Halafu nikagundua kituko kingine. Nikiwasha indiketa, mshale unacheza. Tik, unapanda. Tik, unashuka. Tena kwa mapigo yale yale ya indiketa, haukosei hata moja. Nikiwasha taa kubwa, nyuzi 100 zinaongezeka papo hapo, kana kwamba moto wa injini unaogopa giza.

Nikafanya kosa la kuomba ushauri. Wa kwanza akasema nozeli, vile vinyunyizio vya dizeli, zinakojoa. Wa pili, tabo imekwisha. Wa tatu hakulitazama hata lori, akasema ng'oa injini nzima tuone. Wa nne alikuwa na busara kuliko wote: "Dereva, bandika tepu juu ya hiyo geji." Nikamcheka. Siku ya nne nikaanza kuitafuta tepu.

Kilichoniokoa ni kukaa tu na kufikiri, jambo ambalo silifanyi mara kwa mara. Moto hauruki. Chuma kinapata joto taratibu na kinapoa taratibu. Kitu kinachotoka 180 hadi 500 kabla hujapepesa jicho si moto, ni umeme. Kwa hiyo nozeli zangu hazina hatia, na yule wa tatu asisogee karibu na lori langu.

Sasa kuhusu huu umeme, tega sikio, maana mimi mwenyewe nilishangaa. Ile sindano ya kupimia joto, iliyochomekwa kwenye manifoldi pale moshi unapotokea kwenye injini, haipewi chaji ya betri kabisa. Ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa kwenye ncha. Ncha ikipata joto, nyaya zenyewe zinazaa umeme. Mwanafizikia Thomas Seebeck aliliona jambo hili mwaka 1821, wakati hakuna lori duniani. Ila umeme wenyewe ni chozi la sisimizi: kwa sindano za aina iitwayo K, ambayo ndiyo wengi tumefungiwa, ni kama mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja. Piga hesabu. Zikiingia milivolti 4 tu za kuiba kutoka kwenye ethi mbovu, ule waya wa kurudisha umeme kwenye chuma cha lori, geji inakuongezea karibu nyuzi 100. Na ethi ya geji yangu ilikuwa imefungwa wapi? Skrubu moja na taa na indiketa. Yenye kutu. Kila taa ikiwaka, geji inapata wazimu.

Nikaipa geji ethi yake peke yake, chuma kimekwanguliwa kikang'aa. Indiketa ikaacha kumchezesha mshale. Nikajiita fundi. Nikatembea kifundi. Kilomita kumi mbele, tuta moja tu, 180 hadi 500.

Basi nikasema leo tutajuana. Injini ikiwa imepoa, nikafungua ile nati ya manifoldi, ambayo ilikuwa imeshikana na chuma kama wachumba wapya, nikatoa sindano na kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Utingo akauliza tunapika nini. Nikamwambia tunapika ukweli. Maji yakichemka usawa wa bahari ni nyuzi 100, na mshale ukasoma karibu na hapo hapo. Sindano nzima. Geji nzima. Sasa mwongo ni nani?

Nikamwambia utingo atikise waya pole pole kuanzia kwenye sindano kuelekea dashibodi, mimi nikodolee mshale. Tikisa, kimya. Tikisa, kimya. Alipofika nyuma ya injini, karibu na ukuta wa kabini, mshale ukaruka kama umepigwa shoti. "Hapo hapo, usipumue!"

Tukakuta kifundo cha tepu nyeusi, kimelowa oili, kinateleza kama kambare. Nikakichana kwa kisu. Ndani: mtu alikata waya halisi, akaunga na waya wa kopa wa kawaida hadi kwenye geji, akasokota kwa vidole, basi. Hakuna terminali, hakuna risasi ya kulehemu. Nyuzi mbili za kopa ndizo zilikuwa bado zinashika, nazo kwa huruma tu. Nimewapigia simu mafundi wote waliowahi kuligusa hili lori. Kila mmoja siku hiyo alikuwa msibani.

Nikanunua waya wa aina ile ile ya K, mzima, usio na kiungo. Na hapa nina malalamiko rasmi. Kwa rangi za Kimarekani, nyaya hizi ni njano na nyekundu, na nyekundu ndiyo hasi. Hasi! Mtu mzima nimeishi miaka yote hii nikijua nyekundu ni chanya, leo naambiwa kwenye kidude hiki ni kinyume. Bila shaka nikaifunga kinyume. Nikawasha injini, na kadiri inavyopata moto, mshale ukazidi kuzama, hadi ukagota chini kabisa. Utingo akachungulia: "Suka, injini inaganda?" Nikageuza nyaya bila kumjibu. Baadaye nimejifunza kwamba sumaku inavuta waya wa hasi na wa chanya haiuvuti, kwa hiyo huhitaji hata kuziamini rangi. Nani wa kuniambia mapema? Hakuna.

Mshale sasa umetulia. Unapanda kwa adabu, unashuka kwa adabu. Furaha yangu ilidumu hadi mlima wa kwanza.

Ule mlima nimeupanda miaka na gia ya nne, mshale 650, roho kwatu. Leo, gia ile ile, mzigo ule ule: 710. Nikatukana, kisha nikakumbuka. Kile kifundo cha kopa kilikuwa kinakaa kwenye joto la injini, labda nyuzi 90, na geji imekaa kabini kwenye 30. Tofauti hiyo ilikuwa inakatwa kwenye hesabu kimya kimya. Ndiyo maana kwenye sufuria haikuonekana, injini ilikuwa imepoa. Miaka yote hiyo nilikuwa nasoma nyuzi 60 pungufu, najiona dereva makini.

Basi nikashusha gia ya tatu, nikalegeza mguu, mshale ukashuka 640. Tukaanza kupanda kama tunasindikiza jeneza. Malori yakatupita. Trekta likatupita, dereva wake akatupungia mkono.

Utingo alikaa kimya hadi nusu ya mlima. Kisha akaniinamia taratibu.

"Suka, kile kipande cha kopa umekitupa wapi?"