Mtoto wa Katuba na violoni: lawama ipi ni ya haki?

Kila mwezi wa tisa, masomo yanapoanza, mzazi wa Lubumbashi anayemwandikisha mtoto katika konservatwari binafsi, yaani shule ya muziki ya kulipia, husikia swali lile lile kwa jirani, kwa shemeji, hata kwa padri wa parokia: «Iyo miziki ya bazungu itamusaidia nini?» Mtoto ana miaka saba au minane. Amekabidhiwa violoni ndogo, anarudia gamu ya do, yaani ngazi ya noti, miezi na miezi, na minerval, ada ya masomo, inalipwa kwa dola. Wanaouliza si wajinga. Wana hoja kadhaa, na mojawapo ni nzito kuliko wanavyodhani wenyewe. Ila ile wanayoipenda zaidi, kwamba muziki huu ni wa kigeni na unamtoa mtoto kwao, naona imekosea, na kosa lake limeshatugharimu sana.

Nianze na yale wanayosema sawasawa. Misheni za wakati wa ukoloni zilileta harmoniamu na nyimbo za Kilatini, huku ngoma ikitazamwa kwa jicho baya. Mtoto aliyefunzwa kuimba vizuri alifunzwa pia, bila kuambiwa waziwazi, kuuonea aibu muziki wa babu yake. Mtu anayekumbuka hayo ana haki ya kushtuka akiona picha ya Mozart ukutani na hakuna hata likembe moja, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, darasani. Tena Katanga imezaa mabingwa ambao hawakupita konservatwari yoyote. Mwenda Jean-Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, na upigaji wake wa gitaa kwa vidole ukafuatwa na vijana hadi Nairobi. Wapigaji wa karindula hujitengenezea ala yao kwa dumu na ngozi, na ukumbi mzima huinuka. Nani atawaambia hao kwamba wamepungukiwa?

Mimi siwaambii hivyo. Nauliza jambo jingine: muziki wao umeandikwa na nani?

Huyo huyo Mwenda, uchambuzi maarufu wa gitaa lake, noti kwa noti, ulitolewa mwaka 1961 na 1962 katika jarida la African Music na mtaalamu aitwaye David Rycroft. Kazi nzuri, namshukuru. Lakini mwanafunzi wa leo wa Likasi anayetaka kuona kwenye karatasi vidole vya mtu wa kwao vilifanya nini, lazima afungue jarida la wageni. Kisa cha Kamina, mji wa Katanga, kinaniuma zaidi. Mwaka 1958 kwaya ya watoto na walimu wa pale, chini ya padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, iliimba misa ambayo dunia inaijua kama Missa Luba, na mwaka huo huo ikaipeleka Brussels kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Misa ile haikutoka kichwani mwa mtu mmoja aliyekaa mezani. Ilizaliwa katika mazoezi: waimbaji wakibuni, wakijibizana, wakichukua nyimbo na midundo wanayoijua tangu utotoni. Wimbo wa kuagana wa Kiluba ukawa Sanctus. Kisha ikaandikwa, ikachapwa, ikauzwa, na popote inapoimbwa hadi leo jina linalotajwa kwanza ni la Haazen. Simtuhumu kuiba, bila yeye huenda tusingekuwa na chochote cha kusikiliza. Nasema tu kwamba aliyejua kuandika ndiye aliyebaki na jina, na wale vijana wakabaki «kwaya».

Sasa mtazame Joseph Kiwele, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1961. Mtu wa Katanga, mwalimu wa muziki hapa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, alifunzwa noti za Kizungu barabara, kinanda, harmonia na yote. Je, ujuzi huo ulimfanya asahau kwao? Aliandika Missa Katanga, na tunaitaja kwa jina lake kwa sababu aliiandika mwenyewe. Ninapoambiwa kwamba solfeji, yaani kusoma na kuimba noti, inamgeuza mtoto kuwa Mzungu, jibu langu ni Kiwele.

Wanaobishana kuhusu Bach na Mozart aghalabu hawajawahi kukaa nyuma ya darasa wakaona kinachofanyika. Sehemu ya somo ambayo mtoto huichukia kuliko zote ni imla ya muziki: mwalimu anapiga vipimo vinne mara tatu, mtoto anaandika alichosikia kwenye mistari mitano ya noti. Miaka michache ya kazi hiyo, na mtoto anaweza kuandika chochote kinachopita masikioni mwake, iwe ni wimbo wa Kibemba wa bibi yake au zaburi iliyotungwa na maestro, kiongozi wa kwaya, wa mitaa yetu ya Kenya au Kamalondo. Na hapo ndipo palipo hasara yetu kubwa. Kwaya za parokia zetu zina watunzi hodari. Wanatunga Jumanne, wanafundisha kwa mdomo Alhamisi, sauti baada ya sauti, na Jumapili kanisa linalia. Maestro akihamishiwa Kolwezi, nusu ya nyimbo zinaondoka naye. Akifa, zinabaki vipande vipande katika simu za waimbaji, soprano anakumbuka sauti yake, tenori ameshasahau yake. Tuna maneno kwenye madaftari, muziki hatuna. Nimewasikia wanakwaya wakijenga upya wimbo wa marehemu kwa kukisia sauti za kati, na walipomaliza ulikuwa wimbo mwingine.

Wanaopinga watasema, na ni kweli, kwamba mistari mitano haibebi kila kitu. Haionyeshi vizuri jinsi likembe inavyotuniwa, na midundo yetu inayopishana hukunjwakunjwa ili iingie katika vipimo. Kiluba nacho ni lugha ya toni: ukipandisha sauti pale neno linapotaka ishuke, unaweza kusema kitu kingine kabisa, na tenzi nyingi zilizotafsiriwa juu ya melodia za Ulaya zilifanya hivyo bila huruma. Lakini anayeweza kulirekebisha hilo ni nani, kama si mtu anayesikia toni za lugha yake na anayejua pia kuandika melodia inayozifuata? Mtu huyo hajitokezi tu akiwa na miaka thelathini. Sikio na mkono hufunzwa mapema.

Ndiyo maana sioni tatizo mtoto akianza na vipande vya Wazungu wa kale. Vimepangwa kwa hatua, kidole kwa kidole, na walimu wa karne nyingi. Sisi bado hatujapanga vyetu namna hiyo. Aibu itakuwa kama hao watoto wakikua na bado hatujavipanga. (Na kuna faida moja ndogo ambayo kila mkazi wa mji huu ataielewa: umeme ukikatika, sinta, kile kinanda cha umeme, inanyamaza, violoni inaendelea.)

Nimesema hoja mojawapo ni nzito. Ni ile ya bei, lakini si kwa namna inayosemwa kwa kawaida. Watu hutazama minerval peke yake. Tufanye hesabu kidogo. Somo la ala kwa mtoto mdogo ni nusu saa kwa juma. Chukua majuma 36 ya mwaka wa shule: ni saa 18. Mwaka mzima, na mwalimu wake hakai naye hata siku moja kamili! Sasa chukua mtoto anayejizoeza nyumbani dakika 20, siku tano kwa juma, majuma yale yale: ni saa 60. Yaani katika saa 78 za kushika violoni, zaidi ya robo tatu hazipo konservatwari. Zipo sebuleni, uani, chumbani, popote mdogo wake anapokubali kunyamaza.

Hesabu hii naikumbuka kila ninapomsikia mzazi akilalamika kwamba mwalimu hafundishi. Inajibu pia lawama ya kwamba shule hizi ni za watoto wa matajiri, na inaijibu kwa namna isiyopendeza. Mkurugenzi akipunguza minerval kwa mtoto wa Katuba, mtaa wa watu wa kipato kidogo, akampa hata nafasi ya bure, lakini violoni ikabaki kabatini shuleni, mtoto huyo amepewa saa 18. Mwenzake wa Golf, mtaa wa wenye nacho, amepewa 78. Mwisho wa mwaka wote wawili watasimama mbele ya wazazi kwenye odisho, siku ya kupiga mbele ya watu, na watu watasema yule wa Golf ana kipaji. Mtoto wa Katuba naye atawasikia, na mwaka unaofuata hatarudi. Hiyo ndiyo lawama ya haki, na wakuu wa shule hizi hawajaijibu.

Mfano unaotajwa kila mara kuwajibu wanaolaumu hivyo ni Orkestra ya Kimbanguiste ya Kinshasa, aliyoianzisha Armand Diangienda mwaka 1994. Walianza na ala chache, wakapokezana violoni moja watu kadhaa, uzi ukikatika wakafunga waya wa breki ya baiskeli, na leo wanapiga Beethoven kwa orkestra kamili. Mfano huo naupenda, ila tusiusome vibaya. Wale walikuwa na kanisa lililowakusanya jioni baada ya jioni. Saa zao 60 walizipata pamoja, ukumbini. Konservatwari binafsi inayompokea mtoto mara moja kwa juma haiwezi kutegemea miujiza hiyo. Ama ifungue vyumba vyake kila alasiri kwa mazoezi, ama ikopeshe ala.

Na kukopesha kunawezekana kuliko inavyodhaniwa. Violoni za watoto zina ukubwa wa robo, nusu na robo tatu kabla ya kufika ile kamili, na mtoto anayekua huiacha moja baada ya mwaka mmoja au miwili. Kumlazimisha mzazi anunue kila mara ni kumpotezea fedha; violoni ile ile ya robo ingeweza kupita mikononi mwa watoto watano au sita. Kinachohitajika ni mtu wa kubadilisha nyuzi, kolofani (utomvu wa kupaka upinde) ya akiba, na uangalizi wakati wa kiangazi, maana hewa kavu ya mwezi wa saba hupasua mbao. Dhamana ndogo kwa faranga, si kwa dola. Hayo yote ni rahisi kuliko piano moja.

Kwa hiyo kwa mzazi anayesita mwaka huu sina neno la kumkataza. Aulize swali moja tu kabla ya kulipa: je, ala italala nyumbani kwetu? Wakisema ndiyo, alipe, na maneno ya shemeji ayaache yapite. Wakisema hapana, na hakuna hata chumba cha mazoezi kilicho wazi Jumatatu hadi Ijumaa, asubiri. Atafute kwaya ya parokia ambayo maestro wake anafundisha solfeji kwa ubao na chaki, zipo, na ile minerval aiweke akiba ya violoni ndogo.