Uchumi wa Dunia Umepona, Mbona Kipimo cha Mangi Kimepungua?

Mwaka jana, 2021, mwezi wa nne IMF, wale wa Shirika la Fedha la Kimataifa, walitangaza kwamba uchumi wa dunia, ulioangushwa na korona, utakua kwa asilimia 6. Nilifurahi jamani. Nikamwambia Mama Zai, "Asilimia 6 zinakuja." Akaniuliza zinakuja saa ngapi, maana gesi imeisha.

Leo ni mwisho wa Julai 2022 na sijaziona. Kuja zilikuja, siwasingizii watu. Dunia kweli ilikua kwa karibu kiasi hicho. Ila huku kwetu Mbagala, Dar, hazikupita. Na kwa mwaka huu wataalamu hao hao wameanza kurudi nyuma. Oktoba walisema dunia itakua kwa asilimia 4.9. Januari wakasema 4.4. Aprili, vita vya Ukraine vimeshawaka, 3.6. Wiki hii ni 3.2. Mganga wa kwetu akikubadilishia utabiri mara tatu hivyo unamfuata hadi nyumbani kudai jogoo wako. Hawa wanaandaliwa ukumbi, na maji ya chupa mezani.

Nina mpwa wangu, simu haimtoki mkononi, ndiye anayenifundisha haya mambo. "Mjomba, soko la hisa lilishapona zamani, wewe ulikuwa umelala." Eti hisa za Marekani zilifika chini kabisa tarehe 23 Machi 2020, na Agosti ya mwaka huo huo zikavunja rekodi. Sasa hapo katikati, mwezi wa nne, karibu Wamarekani 15 katika kila 100 wenye kutafuta riziki hawakuwa na kazi. Watu wanafukuzwa, hisa zinapanda! Nikamuuliza, anayenunua ni nani? Akasema benki kuu yao ilishusha riba mpaka karibu na sifuri, ikamwaga matrilioni ya dola kununua hati za madeni, basi mwenye pesa akaona bora azipeleke kwenye hisa. Haya, nimeelewa. Sisi wa vikoba riba yetu ilibaki pale pale, na mweka hazina na ukali wake vilevile.

Lakini kinachoniuma mpaka leo ni tarehe 20 Aprili 2020. Siku hiyo mafuta ghafi ya Marekani yalifunga soko kwa bei ya dola 37 na senti 63 chini ya sifuri. Soma tena. Chini ya sifuri! Dunia imejifungia ndani, hakuna anayeendesha gari, matangi ya Cushing kule Oklahoma, yanakohifadhiwa mafuta hayo, hayana nafasi, na wenye mikataba ya kupokea mafuta mwezi wa tano siku imewafika shingoni, mzigo hawana pa kuuweka. Mwenye pipa anakubembeleza ulichukue, lita 159, na juu yake anakupa dola 37. Mimi hapa nina madumu ya kutosha. Nina banda la kuku halina kuku. Hakuna aliyenipigia simu.

"Mjomba, yale ni ghafi, hayaingii kwenye bodaboda." Ghafi, ghafi! Ningeyachemsha mwenyewe.

Bei iliposhuka chini ya ardhi nilisoma kwenye simu ya mtu. Ilipovuka dola 100 kwa pipa mwaka huu, sikuhitaji kusoma, kondakta alinieleza mwenyewe nikiwa nimening'inia mlangoni. Petroli Dar imepita shilingi 3,000 kwa lita na nauli ya daladala nayo imepanda. Naomba mtaalamu yeyote anieleze hii njia ambayo hasara inafika Mbagala siku hiyo hiyo na faida inapotelea Oklahoma.

Twende kwa Mangi, mwenye duka la mtaani kwetu. Mafuta ya kula nanunua ya kupima, na ninamwangalia mkono. Zamani alikuwa akijaza kikombe, anangoja povu litulie, halafu anaongezea. Siku hizi hangoji. Povu nalo nalilipia. Nikimuuliza, ananitajia Malaysia. Kwamba korona ilifunga mipaka, wafanyakazi wa kigeni hawakuingia, michikichi ikakosa wa kuvuna. Akimaliza Malaysia anahamia kwenye meli: nauli ya kontena la futi 40, ambayo kabla ya korona kwa wastani haikufika dola 2,000, Septemba mwaka jana ilivuka 10,000. Bado hajaugusa mfereji wa Suez, uliozibwa siku sita na meli moja yenye urefu wa mita 400. Mwezi wa nne mwaka huu Indonesia ikazuia mawese yasitoke, ikafungua mwezi uliofuata. "Si wamefungua, Mangi?" Akasema huu ni mzigo wa zamani. Bei ikipanda, mzigo wake ni mpya. Bei ikishuka, mzigo wake ni wa zamani. Na mche wa sabuni, ambao nao una mawese ndani, siku hizi anaukata vipande vyembamba mpaka unaweza kumwona mtu wa upande wa pili.

Mpwa wangu ananishauri niwekeze. "Tawanya mtaji, Mjomba." Umeshatawanyika: nusu kwa Mangi, nusu kwa mwenye nyumba. Yeye alikuwa wa bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni. Novemba iligusa dola 69,000, akawa anatembea kifua mbele na kuniita "mzee wangu". Mwezi wa sita ikateremka chini ya 20,000, nikarudi kuwa Mjomba. Sasa kahamia hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba; ile ya miaka 25 ya mwaka jana ilikuwa na riba ya asilimia 15.95, kitu kizuri hasa. Kiwango cha chini shilingi milioni moja. Milioni ninayo, imekaa kwa watu walionikopa, na kwa kasi yao ya kulipa, miaka 25 ni haraka.

Jana tumesimama dukani akaanza tena. "Mjomba, sasa wanasema mwakani uchumi wa dunia unaweza kudorora."

Nikamuuliza, ukidorora, bei zitashuka?

"Si lazima."

Mangi, aliyekuwa ananipimia, akacheka mpaka mafuta yakamwagika kwenye kaunta. Akayafuta kwa kitambaa, akanidai bei ya kikombe kizima.