Mpaka Rangi ya Jezi Mmeshachagua

Ati Mji wa Unguja upate timu ya raga ya kulipwa! Tena si ile ya watu 15, hapana, hii ya 13, ukiangushwa mara ya 6 unaukabidhi mpira. Na hapa barazani rangi ya jezi imeshapita bila kupingwa. Hebu lipasueni hilo boksi nipate pa kuandika.

Uwanjani wanaingia 13, benchi 4. Lakini huwezi kuajiri 17, maana huku mabega yanachomoka na magoti yanageuka, na aliyegongwa kichwa anatolewa kupimwa kwanza, hata akiapa kwamba yuko sawa. Timu ya kweli yataka watu kama 28. Wape laki 6 kwa mwezi, mshahara wa kuchekwa, tayari milioni 16 na laki 8. Kwa mwaka, milioni 201 na laki 6. Sasa njooni getini. Tuseme mechi 11 za nyumbani, watu 3,000, kiingilio elfu 2. Milioni 6 kwa mechi, milioni 66 kwa mwaka. Pengo milioni 135 na laki 6, na hapo kocha hajala, taa hazijawashwa, na tumejidanganya kwamba wote 3,000 wamekata tiketi. Wee! Hapa mwenye tiketi mmoja, wanane ni jamaa wa mlinzi.

Msinitajie uwanja wa Amaan kujaa. Hujaa Januari kwa Kombe la Mapinduzi, na hujaa wakija Simba au Yanga. Mechi ya ligi yetu wenyewe, Jumatano saa 10 jioni, unamsikia golikipa akimtukana beki wake neno kwa neno. Na tazameni timu zenyewe: KMKM, JKU, Mafunzo, Zimamoto, zote za vikosi vya serikali. Mshahara umo ndani ya gwanda, getini aje mtu asije. Hiyo raga tunaiingiza kikosi gani?

Wala si suali jipya. Mchezo wenyewe umezaliwa kwa ugomvi wa posho. Agosti 1895, hotelini Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, klabu zilijitenga na chama cha raga. Wachezaji wao walikuwa wachimba makaa na watu wa viwandani. Wakicheza Jumamosi ujira umekatika, na chama hakitaki wafidiwe. Shilingi 6 kwa siku ndizo zilizoigawa raga pande mbili.

Toronto ya Kanada nao walikuwa na jezi nzuri. Wakaanza 2017 daraja la chini, 2020 wakawemo ligi kuu ya Uingereza, wakamsajili Sonny Bill Williams, nyota wa raga wa New Zealand, kwa pesa nzito. Watu uwanjani walikuwepo, ubaya ulikuwa kwengine. Wapinzani karibu wote wako ng'ambo ya bahari, wageni wanagharimiwa na mwenyeji, mgao wa televisheni hawapati, na mwenye klabu ndiye anayefungua mkoba kila siku. Corona ilipofunga milango, Julai 2020 wakajitoa. Paris, mji wa mamilioni, timu yao ilipoanza ligi hiyo hiyo mwaka 1996, siku ya kwanza waliingia zaidi ya watu 17,000. Baada ya msimu wa 1997 timu haipo. Perpignan, nayo ya Ufaransa, kijimji tu ukiilinganisha na Paris, imeingia 2006 na mpaka leo ipo. Kule raga ya 13 inachezwa tangu miaka ya 1930, babu kaumia bega, mjukuu naye anasubiri zamu yake. Sisi mtoto wa skuli ukimpa ule mpira wa yai anauliza umepasuliwa na nani.

Halafu wapinzani wetu nani? Kenya raga ipo, lakini zaidi ni ile ya watu 15 na ya watu 7. Kila safari ni vichwa 25, boti kwenda na kurudi, kula na kulala, na mtu wa kilo 110 hashibi kwa bakuli moja la urojo.

Uwanja nao. Kutoka mstari wa trai, yaani bao la raga, mpaka mstari wa trai ni mita 100, na nyuma ya kila mstari yatakiwa nafasi ya mita 6 mpaka 11 ya kufungia. Uwanja wa mpira mita 105. Basi ama ukate uwanja, ama mtu ajitupe kufunga trai atue kwenye njia ya wakimbiaji. Nyasi bandia za mpira wa miguu zataka godoro la kunyonya kishindo chini yake, la sivyo bega linatua kama juu ya sakafu. Na ngozi ya goti inabaki palepale.

Lakini miye kinachonikosesha usingizi ni barafu. Baada ya mechi wachezaji wanatumbukizwa mapipani mwa maji baridi. Pipa la lita 200, maji zaidi kidogo ya nusu, kushuka kutoka nyuzi 28 mpaka 12 lataka barafu kilo 20 hivi. Mapipa manne, kilo 80, kaskazi imepamba, na barafu hiyo hiyo inagombewa na wenye samaki pale Malindi. Muuza barafu akiambiwa achague baina ya goti la beki na jodari, atampa jodari. Jodari kesho ana mnunuzi.