Kishazi tegemezi cha Kiingereza kianzie kwenye "zikikauka"

Kila ninaposoma insha za Kiingereza za wanafunzi wa skuli zetu, za Unguja na za Pemba, naona kwamba viunganishi wamevihifadhi vyote, lakini kishazi tegemezi, yaani sehemu ya sentensi yenye kitenzi lakini isiyojitosheleza peke yake, bado kinawashinda. Kwa maoni yangu, tunakosea pa kuanzia. Tunawakaririsha "when", "if", "although" na "because", ilhali wao husema sentensi changamano tangu utotoni, ila Kiswahili aghalabu hukitia kiunganishi ndani ya kitenzi chenyewe.

Chukua sentensi ambayo mtoto wa Wete huisikia msimu wa mavuno: "Karafuu zikikauka tutaziuza." Kazi yote imefanywa na "-ki-". Akitaka kuisema kwa Kiingereza, analazimika kwanza kuamua jambo ambalo lugha yake haikumtaka aliamue: ana yakini kwamba zitakauka, au ana shaka? Mwenye yakini atasema "When the cloves dry, we will sell them". Akisema "If the cloves dry", mnunuzi ataanza kutazama mawingu. Kosa jingine lipo papo hapo, nalo ni "When the cloves will dry", ambalo nadhani huzaliwa na "zitakapokauka". Kishazi cha wakati cha namna hii hakichukui "will" katika Kiingereza, na "-ki-" nayo haikai pamoja na "-ta-", kwa hiyo mwanafunzi anayeanzia kwenye "zikikauka" atapata kitenzi sahihi bila ya kukariri kanuni yoyote.

Kwa "although" hali ni kinyume, kwa sababu hapo Kiswahili ndicho kinachompoteza. Sisi husema "Ingawa bahari ilichafuka, lakini boti iliondoka", na mimi sioni kasoro yake. Kiingereza sanifu hutaka kimoja tu, ama "although" ama "but". Suala la mkato halistahili kipindi kizima: kishazi tegemezi kikitangulia huwekewa mkato, kikifuata kwa kawaida hauhitajiki.

Wapo walimu wanaopiga marufuku Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza, na nia yao naielewa, kwani mtoto asipoizungumza lugha hataijua. Hata hivyo, kwa somo hili ningewaomba waandike ubaoni "zikikauka" na "zitakapokauka", kisha wawaache wanafunzi wabishane ni ipi inayofanana zaidi na "when the cloves dry".